Mlango wa Kushoto Ambao Selestini Hakuuvunja

Likasi, kwangu Panda
Jumapili, baada ya Misa ya kwanza

Perpetua mdogo wangu,

Kabla sijakusalimu, nikuambie nililolificha miaka hii miwili. Mlango wa kushoto wa gari langu haukuvunjwa na Selestini, yule mpanda baiskeli wa mikate. Wewe na wanao mnajua hadithi nyingine kwa sababu ndiyo niliyowaandikia: kwamba aliniharibia gari likiwa limesimama, na kwamba sasa ananitumikia ili kufidia. Si kweli. Na ndiye huyo huyo aliyekuletea barua hii.

Bila shaka umekwisha kumwona. Ni mtu mrefu, ana kovu kwenye kidevu, na anavua kofia hata akisalimiwa na watoto. Mpe kiti, mpe maji ya kunawa, mpe chakula kwanza, maana safari ya juu ya lori la samaki ni ndefu na yeye hawezi kusema kwamba ana njaa. Akishiba, mwanao Evaristi aisome barua hii kwa sauti, Selestini akiwa hapo hapo. Asitoke uani kabla ya mstari wa mwisho. Kuna jambo la pili nililolificha, baya kuliko la kwanza. Nimeliweka mwishoni kwa kuwa hata sasa, kalamu ikiwa mkononi, ninaogopa kuliandika.

Sasa nakusalimu, mdogo wangu. Mgongo wako unaendeleaje? Je, ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika, au walioifungua njiani waliipenda zaidi? Barua zako mbili za mwisho zilinifikia zikiwa zimechanwa pembeni na kubandikwa tena, lakini maneno yako yalikuwa yote. Nilizisoma mpaka nikazijua kwa moyo. Asante kwa kunieleza habari za ziwa, za mihogo iliyoliwa na nguruwe, na za mjukuu wako anayekataa kuvaa viatu vya kanisani. Mtu mgonjwa anahitaji habari ndogo ndogo kama hizo. Kubwa kubwa tunazo za kutosha hapa.

Afya yangu siwezi kuipamba. Pumzi imekuwa fupi. Kutoka kitandani hadi mlangoni ninapumzika mara mbili, kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Shituru. Masista wamenipatia kitanda hospitalini, nitaingia keshokutwa. Daktari hakunizungusha kwa maneno. Nilimuuliza kwa Kifaransa naye akanijibu kwa Kifaransa, na lugha hiyo ilitusaidia sote wawili kutolia. Usije. Barabara si nzuri kwa mwanamke wa umri wako, na nikikuona nitashindwa kusema haya.

Unakumbuka kazi yangu ilivyokuwa. Miaka yote ile niliketi katika ofisi ya wakala wa bima, karibu na dirisha. Mtu aliyegongwa, aliyegonga, aliyeunguliwa na nyumba, alikuja mbele ya meza yangu akaeleza, nami nikaandika fomu kwa Kifaransa safi nilichofundishwa na mapadri. Fomu ya ajali ya gari ilikuwa na swali moja ambalo watu walilipita haraka: je, kabla ya ajali hii gari lilikuwa na uharibifu wowote? Kama hakuna, unaweka kistari. Mimi ndiye niliyewafundisha makarani wadogo kwamba kistari kile nacho ni kiapo, na kwamba aliyekiweka bila kuliangalia gari amesema uongo hata kama hakuandika neno.

Siku ile, nilikuwa nimestaafu tayari, nilikwenda asubuhi Shituru kumwona rafiki yangu mmoja wa zamani. Macho yangu yalikuwa yameanza kunidanganya, lakini sikumwambia mtu, maana wangeninyang'anya leseni, na gari lile lilikuwa kitu pekee kilichofanya vijana mtaani wasimame na kusema "Papa Laurenti anapita." Nikiondoka kwa rafiki yangu nilikata kona mapema mno. Nguzo ya lango, ya saruji iliyopakwa chokaa, ililikwaruza gari ubavuni na kuukunja mlango wa nyuma wa kushoto kama karatasi. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kuingia ndani. Hakuna aliyeona. Nikaendesha polepole mpaka mjini, nikasimamisha gari pembeni mwa barabara, nikaingia duka la dawa kununua ya kifua. Bima yangu mwenyewe ilikuwa inalipa tu niliyowaharibia wengine, na nguzo haikuwa imeharibika.

Nikiwa bado ndani nikasikia kishindo, kisha watu wakipiga kelele. Lori la askari lilikuwa limepita kwa kasi, na mpanda baiskeli mmoja wa mikate, akilikwepa, alikuwa ameligonga gari langu kwa nyuma. Kikapu kilipasuka. Mikate ilikuwa imetawanyika mpaka mferejini. Yeye alikuwa ameketi chini, damu inamtoka kidevuni, na badala ya kushika kidevu alikuwa anaokota mikate na kuipangusa kwa shati.

Taa ya nyuma ilikuwa imevunjika. Hiyo ndiyo kazi ya baiskeli yake: kioo cha taa, basi.

Lakini watu waliokusanyika waliuona mlango. Mwanamke mmoja muuza karanga akashika kiuno.

"Eh! Kinga moja tu, baiskeli ya mikate, na mulango yote inapondeka vile?"

Kijana mmoja akajibu: "Mama, ile mikate ya leo iko na chuma ndani. Angalia meno yako!"

Wakacheka wote. Selestini hakucheka. Aliuangalia mlango ule, akauangalia tena, kisha akanigeukia na kushika kofia yake kwa mikono miwili.

"Papa, unisamehe. Minye sikuona motokari. Niliona tu basoda na lori yao. Niliharibisha motokari ya Papa."

Perpetua, muuza karanga yule alikuwa amesema kweli mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimebakiza kukubali tu. Nilifungua mdomo niseme, "Mwanangu, wewe umevunja taa." Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini kilichotoka ni swali nililouliza kila asubuhi kwa miaka mingi, swali la kwanza la fomu:

"Jina lako nani?"

Akalitaja. Na nilipokwisha kulipata jina, mkono ulifuata njia yake. Fomu nilikuwa nazo ndani ya gari, pamoja na penseli na rula. Kazi ilikuwa imeniacha, mimi sikuwa nimeiacha. Mwenye duka la dawa akatupa nafasi kwenye meza yake. Nikachora barabara, lori, baiskeli na gari, mchoro safi kuliko wote niliowahi kuchora. Nikaandika taa. Nikaandika mlango. Nilipofika kwenye swali lile la uharibifu wa kabla, nikaweka kistari.

Nikamwambia asome kabla ya kutia sahihi. Nilimwambia kwa sauti, kama inavyotakiwa.

"Papa amesoma na bapadri," akasema, "minye nitasoma nini tena?"

Akaandika jina lake, herufi moja moja, na tone la damu ya kidevu likaanguka pembeni mwa karatasi. Akaomba radhi hata kwa hilo.

Nilijua madai yatakwenda wapi. Selestini hakuwa na bima, lakini tajiri wake wa mikate alikuwa nayo kwa ajili ya baiskeli na wafanyakazi wake wakiwa kazini. Kwa taa peke yake tajiri angetoa mfukoni, angemfokea siku moja, na yangeishia hapo. Mlango ulikuwa jambo kubwa, ukaenda mpaka kwa kampuni ya bima. Kampuni ikauliza Selestini alikuwa anapeleka mikate wapi saa ile. Naye, kwa kuwa hasemi uongo, akasema alikuwa ameacha njia yake kidogo ampelekee mkate mke wake aliyekuwa amelazwa. Ikawa hakuwa kazini. Kampuni ikakataa kulipa, na tajiri akamfukuza. Mimi sikupata chochote. Yeye alipoteza kazi, na binti yao mkubwa akaacha shule muhula ule.

Wiki moja baada ya kufukuzwa alinijia asubuhi. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alisimama nje ya ua mpaka nilipomkaribisha.

"Papa, falanga sina. Mikono niko nayo. Nitatumika kwako mpaka ile mulango itakwisha."

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa peke yake, mimi peke yangu, hakuna wa kucheka. Nikamwonyesha ndoo zilipokuwa.

Sasa nataka ujue aliyonitendea, maana katika barua zangu nilikueleza kama mtu anayeeleza habari za mtumishi, na sivyo. Kila asubuhi alikuja kabla ya kwenda kutafuta kibarua, na kila jioni akarudi. Alichota maji, akapika bukari ya unga wa mahindi na kuipoza kwanza kwa kuwa meno yangu unayajua. Nilipoanza kushindwa kuinama, alinikata kucha za miguu. Nilipoanza kushindwa kutembea, alinipakia kwenye baiskeli yake kuukuu, akaisukuma kwa mikono mpaka kanisani, akasimama nyuma karibu na mlango ili nikikohoa anitoe. Siku ndege za vita zilipopita juu ya Shituru na madirisha yakatetemeka, aliwaacha wanawe kwa mama yao akaja kwangu mbio. Alinibeba akaniweka chini ya meza, naye akaketi nje ya meza kwa kuwa chini palitosha mtu mmoja. Tulikaa hivyo mpaka kukawa kimya. Nikamuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana, Papa. Lakini Papa akiogopa peke yake itakuwa mubaya zaidi."

Dada yangu, mimi sikuzaa, na mke wangu alitangulia zamani. Nilidhani nitakufa kama mtu aliyepanga chumba. Mungu amenipa miaka miwili ya kuitwa, kuogeshwa, kutaniwa. Ninamshukuru kila nikiamka, na shukrani hiyo ndiyo inayonichoma, kwa kuwa najua ilipotoka.

Mke wake, Mama Bernadeta, hakuwa mpole kama yeye, na ninamshukuru kwa hilo pia. Alikuwa akija Jumamosi na mboga, anasimama mbele ya gari, anaushika ule mlango uliofungwa kwa waya kama mguu wa mgonjwa.

"Papa Laurenti, mugonjwa huyu atapona siku gani? Bwana yangu anazeeka hapa kwako, na yeye analala tu!"

Selestini anamkemea, "Weye, acha Papa!" Mimi ninacheka. Nikicheka, ninakohoa, nikikohoa, mama huyo huyo analeta maji. Lakini usifikiri nilikuwa sisikii alichouliza.

Petroli haipatikani, gari halijatoka nje tangu masika. Selestini hulipangusa hata hivyo. Huanza kulia, huzunguka mbele, na akifika mlango ule huufuta haraka bila kuutazama. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ile mulango inaniangalia, Papa. Nasikia haya." Siku hiyo sikula. Aliponiuliza, nikasema ni kifua.

Basi, Perpetua, haya ndiyo ninayoomba. Kwa desturi yetu, vitu vyangu ni vya wanao, na Evaristi ndiye atakayeketi mahali pangu. Gari ni lake. Najua amekwisha kuliwaza, amewahi hata kuniuliza rangi ya viti. Evaristi mpwa wangu, wewe unayesoma, nakusemesha sasa kwa jina. Mrithi wa mjomba hachukui vitu tu, anachukua na yale mjomba aliyowakosea watu. Sitaki uurithi mlango ule. Uniachie gari nimpe Selestini, si kama zawadi ya mzee mwema, bali kama haki yake iliyochelewa. Fundi wa Panda amekwisha kuliangalia, anasema injini ni nzima, na Selestini akiwa nalo hataomba kibarua kwa mtu tena. Nyumba, vitabu, saa ya ukutani na mashine ya kushona ya marehemu mke wangu ni vyenu. Mkikubali, mwandike karatasi, wewe na nduguzo, mtie sahihi wote mbele ya katekista, na Selestini airudishe mwenyewe. Bila karatasi hiyo watu wa mjini watasema ameliiba, na unajua siku hizi mtu anapelekwa gerezani Buluo kwa kidogo kuliko hicho.

Na kama mtakataa, mkatae mbele yake, kwa maneno mazuri, mkimwambia wazi kwamba kosa lilikuwa langu.

Mtashangaa kwa nini sikumwambia mwenyewe, mtu ninayemwona kila siku. Nilijaribu. Juzi nilimketisha. Nikaanza, "Selestini, ule mlango..." Akanikatiza, akashika mguu wangu juu ya blanketi, akasema, "Papa asihangaike, minye nilishasahau ule mulango. Sasa nakuya tu kwa Papa." Ndipo nikaamua nimtume kwako, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameomba kuleta vitu vyangu; anasema vitu vya mzee vinapelekwa na aliyekula naye sahani moja. Ndani ya sanduku alilobeba utakuta rozari ya mama yetu, miwani, na lile blanketi la kijivu ulilonipa nilipoondoka nyumbani. Limetoboka, lakini halijawahi kuazimwa na mtu.

Nisalimie kaka wa marehemu mumeo, yule anayetengeneza nyavu na kusimulia uongo. Mwambie mimi nimemshinda. Nisalimie mke wa Evaristi, ambaye sijamwona, na yule mjukuu asiyetaka viatu; asilazimishwe. Nisalimie katekista, na bibi jirani aliyenitengenezea mandazi ya safari siku ile nilipoondoka nyumbani kwa lori, ikiwa bado yuko hai. Kama hayuko, tutaonana karibuni. Wewe, mdogo wangu, nakushukuru kwa kuniandikia bila kukosa, hata nilipokujibu kwa kifupi. Uniombee, lakini kwanza umtazame mgeni wako usoni kwa niaba yangu, maana mimi sitaweza.

Mimi ni yule yule kaka yako Laurenti, na yanayobaki ninamwambia Selestini.

Selestini mwanangu. Miezi mitatu baada ya wewe kuanza kuja kwangu, mkaguzi wa bima aliyekuwa ameutazama ule mlango kabla kampuni haijakataa kulipa alimpa tajiri wako maoni yake. Aliona chokaa nyeupe ndani ya mikwaruzo, na baiskeli yako ilikuwa ya kijani. Tajiri wako wa mikate akaniandikia. Alisema wateja wanakuulizia, na kwamba nikitia sahihi tu kuwa mlango ulikuwa umevunjika kabla, atalipa taa yeye mwenyewe na wewe utarudi kazini Jumatatu ile. Barua ililetwa asubuhi, wewe ukiwa nyuma ya nyumba unachota maji. Niliisoma mara mbili. Sikuogopa aibu, wala leseni, wala bima. Niliwaza kwamba Jumatatu sitasikia baiskeli yako ikiegemezwa ukutani. Uliingia na ndoo ukaniuliza, "Habari njema, Papa?" Nikakuambia ni tangazo la duka, nikaiweka chini ya godoro, na karibu miaka miwili umekuwa ukilitandika godoro hilo juu yake kila asubuhi. Imo humu ndani ya bahasha. Evaristi akufunulie uione: mahali pa sahihi yangu bado ni peupe.